Mjumbe wa Mheshimiwa Nyangumi

Sogeeni karibu. Wewe uliyesimama mlangoni, ingia au toka, usinizibie mwanga. Mbaazi hizi zina wadudu na macho yangu si ya jana. Haya, shika ungo, chambua huku unasikiliza.

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana wanyama walikuwa wameshajua kuongea kwenye vipaza sauti na kunywa maji ya chupa, aliishi pimbi mmoja jina lake Kidawa. Pimbi mnamjua? Yule mdogo wa kwenye mawe, hana mkia, ukimwona kwa mbali utasema panya aliyeshiba. Usimwambie hivyo, anakasirika. Ukoo wake hasa ni wa tembo. Unacheka nini? Kamuulize mwalimu wako.

Kidawa aliishi na mama yake, Bi Mashavu, kwenye Jabali la Ndevu. Na Bi Mashavu alikuwa na kawaida yake moja. Kila jua likikaribia kuzama, alipanda juu ya jabali, akajiweka kitako, akaita, "Kidawa weee! Njoo nyumbani mwanangu, giza linaingia!"

Haachi mpaka aitikiwe. Ukichelewa anaita, ukijificha anaita, majirani wakiziba masikio anaita. Ila ukisema tu, "Abee mama, naja," basi, ananyamaza papo hapo na kushuka kwenda kupakua chakula. Hata ujio wako haungojei. Akishasikia umeitika, moyo wake umetulia.

Siku moja wakaja wageni pale jabalini, swala wawili wenye miwani, wanafunzi wa Profesa Kiboko. Walikuwa na kidude cha kunasa sauti. Wakaeleza kwamba Profesa anatengeneza Mtambo wenye akili mnemba, kitu cha chuma kitakachoongea na kujibu maswali kama kiumbe. Lakini chuma hakizaliwi na maneno, lazima kifundishwe, na wao ndio wanazunguka nchi nzima kuyakusanya.

Walikuwa wameanzia kwa wakubwa. Kwa Simba waliambiwa mheshimiwa yuko kikaoni. Kwa Tembo waliambiwa ametuma udhuru. Kifaru aliwataka waandike barua kwanza, walipoandika akasema haina muhuri. Basi wakateremka kwa wadogo. Chura akawafundisha habari za mvua, Kobe akawafundisha njia, Kanga akawafundisha kufukuza mwewe.

Bi Mashavu yeye aliwakaribisha uji, akazungumza nao siku sita mfululizo. Akawafundisha namna ya kupokea wageni, namna ya kuwaketisha wakorofi bila ugomvi, na namna ya kuita watoto. Kila jioni aliita mbele ya kile kidude, Kidawa akaitika kutoka bondeni, na swala wakaandika kwenye daftari zao.

Siku ya sita, siku ya somo la kuketisha wakorofi, ndiyo iliyoharibika. Kidawa alikuwa bondeni anacheza na wenzake, vijana wakubwa wakubwa aliotaka wamwone naye ni mkubwa. Mama akaita. Wenzake wakaanza kumcheka, wakamuuliza kama bado ananyonya. Kidawa aliona aibu, uso ukamwaka moto. Alisikia vizuri kabisa, akanyamaza.

Mama akaita. Akaita tena. Aliita mpaka sauti ikamkauka, na kidude kinanasa yote. Kidawa aliporudi alikuta chakula kimefunikwa, na mama amelala amegeukia ukutani.

Kesho yake mvua za masika zikaanza. Bi Mashavu akashikwa na kifua, na wiki ya pili akafariki.

Kuanzia hapo Kidawa hakuwa Kidawa yule mnayemdhania. Mchana anakwenda, anakula, hata kucheka anacheka. Lakini jua likianza kuzama alijikuta amesimama, masikio juu, anasubiri. Lile jibu lake lilikuwa mdomoni, hana wa kumpa. Wale swala walikuwa wameahidi kwamba Mtambo ukishakamilika watarudi nao jabalini, kila aliyetoa sauti aje asikie. Hawakurudi. Hata salamu hawakutuma.

Mwaka ukaisha. Kisha Kunguru, ambaye kazi yake ni kupeleka maneno, akapita na habari. Kuna kongamano kubwa kwa Simba, siku tatu, wasomi watupu, la kujadili mustakabali wa Mtambo na utawekwa kwa nani. Maazimio yameshaandikwa tayari. La kwanza, Mtambo ukae penye hadhi. La pili, ili uwe mwepesi na uongee mambo makubwa, sauti za wanyama wadogo zifutwe zote. Zitafutwa siku ya tatu, saa kumi, wakati wa kufunga.

Kidawa aliuliza siku ya tatu ni lini. Kunguru akamwambia ni kesho.

Alitembea usiku kucha, akafika asubuhi mguu umemvimba. Mlangoni alisimama Ngiri, amevaa fulana ya kongamano iliyombana tumbo.

"Beji," akasema Ngiri.

Kidawa hakuwa na beji. Akajaribu la ukoo, akasema yeye ni ndugu yake Tembo. Ngiri alicheka kwi kwi kwi mpaka meno yakagongana, akamwambia basi yeye ni ndugu yake Mwezi, ampishe.

Kidawa akasogea pembeni, akakaa juu ya jiwe. Hakulia. Alitazama. Pimbi wanajua sana kutazama, kazi ya ulinzi wanarithishana. Akamwona Kenge anakuja, amechelewa, hana beji wala karatasi. Kenge akasema tu kwa sauti ya puani, "Namwakilisha Mheshimiwa Mamba, ametuma udhuru." Ngiri akapiga saluti, akampa mkoba, akampa sambusa mbili na kiti cha mbele.

Kumbe, akasema Kidawa moyoni. Hapa mtu hathaminiwi kwa alivyo, anathaminiwa kwa ukubwa wa asiyekuja.

Akawaza ni nani mkubwa kuliko wote waliomo. Akakumbuka ndege wahamaji waliokuwa wakitua jabalini na kusimulia habari za mnyama wa majini, mkubwa kuliko tembo ishirini. Akachuma jani pana, akalikunja kwapani kama faili, akarudi mlangoni taratibu, tap, tap, tap, kama mtu anayengojewa na wakubwa.

"Namwakilisha Mheshimiwa Nyangumi," akasema.

Ngiri akauliza Nyangumi ni nani. Kidawa akamtazama kwa huruma, akamuuliza jina lake kamili, ili akamweleze mheshimiwa kwamba kwa Simba kuna mlinzi fulani ambaye hajapata kumsikia. Ngiri jasho likamtoka. Akakimbilia ndani kuuliza.

Sasa huko ndani, watoto wangu, ndiko kulikokuwa na vituko. Ngiri alipomnong'oneza Tembo, Tembo hakuwa amewahi kusikia jina hilo maisha yake yote. Lakini angesemaje hamjui, na wenzake wanasikia? Akakohoa, akasema, "Nyangumi? Nimesoma naye." Kifaru naye hakukubali kupitwa, akasema juzi tu walikunywa chai pamoja. Profesa Kiboko akasema wanaandikiana barua kila mwezi. Simba aliyekuwa mwenyekiti akaona atabaki peke yake, akaagiza mwakilishi wa rafiki yake apelekwe mbele.

Wakamweka Kidawa kiti cha mstari wa kwanza. Kiti kilikuwa kirefu, ikabidi wapange mikoba mitatu ya kongamano ndipo pua yake ifike mezani. Chupa ya maji waliyomwekea ilimzidi kimo.

Akatazama jukwaani. Mtambo ulikuwa pale, umefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kile cha kufunikia runinga sebuleni, na juu yake wameweka maua ya plastiki. Siku tatu wanaujadili, hakuna aliyeufunua wala kuuliza hata swali moja. Mada zilikuwa kumi na mbili. Zilizosomwa mpaka siku hiyo, hakuna.

Mnauliza kwa nini? Itifaki. Kila mtoa mada alitakiwa kwanza kuwataja wakubwa wote kwa vyeo, mmoja mmoja, kwa mpangilio. Siku ya kwanza Nyati alitajwa kabla ya Kifaru, Kifaru akatoka nje akasusa, ikabidi waanze upya. Siku ya pili Tembo alisahauliwa. Mtu mzima vile, amejaza ukumbi, anasahauliwaje? Wakaanza upya. Wakitaja wanafika chai ya saa nne, wakirudi wanataja wanafika chakula cha mchana. Na sasa, siku ya tatu, ameingia mwakilishi wa Nyangumi. Nyangumi atajwe wa ngapi? Akitangulia, Simba atanuna. Akifuata, je, huko aliko akisikia? Ubishi ukawaka, meza zikagongwa pu, pu, pu, na saa ya ukutani inakwenda. Ilipofika saa tisa bado wote wamesimama, hakuna anayekubali kuketi kabla ya mwenzake.

Kidawa akapanda juu ya meza.

Akasema kwamba Mheshimiwa Nyangumi amemtuma neno moja tu. Hataki kutajwa na yeyote mwenye upande. Huo Mtambo hauna upande, hauna mjomba wala shangazi ukumbini. Basi uambiwe uwaketishe wakubwa wote kwa heshima inayowastahili, halafu kazi ianze.

Wakubwa wakatazamana. Kila mmoja aliona ndiyo njia ya kushinda bila kugombana. Tembo akasema, "Ndivyo alivyo rafiki yangu, ana busara tangu shuleni." Simba akatoa ruhusa.

Sasa kuna kitu Kidawa alikijua, wao hawakukijua. Swala walimwambia mwaka ule, wakinywa uji, kwamba Mtambo ukiulizwa jambo hujibu kwa sauti ya yule aliyeufundisha jambo hilo. Na kuketisha wageni wakorofi, katika nchi nzima, aliyefundisha alikuwa mmoja.

Profesa Kiboko akaondoa maua, akafunua kitambaa, akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Mtambo ukanguruma, nguru nguru nguru, ukatulia. Profesa akauinamia na kuuomba uwaketishe waheshimiwa.

"Karibuni, karibuni wanangu," ukasema Mtambo. "Wewe mkubwa usijibane mlangoni, wapishe wenzio. Ketini popote, uji ni ule ule. Na wewe mwenye kununa, njoo ukae hapa karibu yangu, umechoka tu, hujakosa kitu."

Ilikuwa sauti ya Bi Mashavu, na ule mkwaruzo wake mwishoni.

Kifaru, aliyekuwa amenuna tangu siku ya kwanza, akakaa chini. Nyati akakaa. Tembo akakaa, kiti kikalia chwaa, naye hakujali. Hakuna aliyeuliza nani ametajwa kwanza. Kila mmoja alijiona mdogo, amerudi nyumbani na vumbi la kucheza.

Kidawa alikuwa ameinamia meza ameshika mdomo. Alidhani akiisikia sauti ile mara moja kiu itakwisha. Haikwisha, ilizidi. Alitamani kuingia ndani ya kile chuma.

Na Mtambo haukunyamaza, kwa sababu somo lile la siku ya sita halikuishia hapo. Ukasema, "Nisubirini kidogo wanangu, jua linazama, nimwite mtoto." Kisha ukaita.

"Kidawa weee! Njoo nyumbani mwanangu, giza linaingia!"

Wakubwa wakageuka huku na huku. Mtambo ukaita tena. Na tena. Simba akauliza Kidawa ni nani, akajibiwa hajulikani. Profesa Kiboko akabonyeza vitufe vyote, akavuta nyaya, haukunyamaza. Ulikuwa umefundishwa na Bi Mashavu kwamba wito hauishi mpaka uitikiwe, nao uliyashika mafunzo yake vizuri kuliko wanafunzi wote.

Sasa mwangalieni Kidawa. Akiitika, amejulikana. Si mjumbe wa mtu, ni pimbi wa mawe aliyeingia kwa uongo mbele ya Simba, na Ngiri yuko mlangoni. Akinyamaza, atatoka salama. Walikuwa wamemzunguka wakubwa watupu, nao watacheka. Ilikuwa aibu ile ile ya bondeni, imemfuata mpaka ukumbini.

Na sauti ya mama ikaanza kukauka, kama ilivyokauka siku ile.

Kidawa akasimama juu ya mikoba mitatu.

"Abee mama," akasema. Akarudia kwa nguvu, machozi yakimtoka mbele za watu. "Abee mama! Naja!"

Mtambo ukanyamaza papo hapo.

Simba akamgeukia polepole. "Kwa hiyo wewe ndiye Kidawa," akasema. "Na Nyangumi?"

"Nyangumi sijawahi kumwona, mheshimiwa," akasema Kidawa, akipangusa pua. "Nilitaka kusikia sauti ya mama yangu kabla hamjaifuta. Lakini Mjomba Tembo hapa amesoma naye. Mwambieni yeye, atafikisha malalamiko yenu."

Tembo akaanza kutafuta kitu chini ya meza. Kifaru akafungua mkoba akaufunga. Profesa Kiboko akapangusa miwani ambayo haikuwa na uchafu. Kumwadhibu Kidawa kwa kumzua Nyangumi, ingebidi kwanza waseme wao walimjuaje. Basi kila mmoja akaona heri limpite.

Simba akamwita Twiga, aliyekuwa katibu, akamtaka asome orodha ya sauti zote zilizomo ndani ya Mtambo. Twiga akasoma. Chura. Kobe. Kanga. Bi Mashavu, siku sita. Akaendelea mpaka mwisho, na mkubwa hata mmoja hakutajwa. Wote walituma udhuru. Sauti ndogo zikifutwa, kitabaki chuma na kitambaa cha kufuma.

"Na mama yangu?" akauliza Simba. Aliuliza chini chini, si kwa sauti ya mwenyekiti. "Wakati ule walipokuja alikuwa hai."

Twiga alipekua karatasi zake muda mrefu. Akasema swala walifika, na mama alitaka sana kuzungumza nao, hata kiti alishatoa nje. Wakajibiwa kwamba wasubiri ruhusa ya mheshimiwa, na mheshimiwa alikuwa kikaoni.

Simba alilaza kichwa juu ya makucha yake, na wote waliomwona siku hiyo walisema hawajapata kumwona mpweke vile. Ilipofika saa kumi alichukua azimio la pili, akalichana kwa mkono wake. Azimio la kwanza akaliandika upya, kwamba kabla Mtambo haujakaa kwa mkubwa yeyote, upelekwe kwanza kwa wale waliotoa sauti zao, kama walivyoahidiwa.

Wakaupeleka Jabali la Ndevu. Tembo ndiye aliyeubeba, bila kuombwa, akisema ni mambo ya ukoo. Jua lilipoanza kuzama ukaita, na Kidawa akaitika kutoka bondeni, akapanda mbio na ule mguu wake mbovu. Alipofika juu Mtambo ulikuwa umenyamaza. Hakukuwa na harufu ya chakula, wala wa kumuuliza mguu umefanya nini. Chuma kilijua kuita, kupakua hakikujua. Akakaa kando yake mpaka kikapoa, akakifunika vizuri kwa kile kitambaa, akaenda kuwasha moto mwenyewe.

Ila usiku huo alilala usingizi, wa kwanza tangu masika yale.

Na mimi ninachowaambia ni hiki kimoja: anayekupenda akikuita, muitikie angali anakusikia.

Haya, naona ungo umejaa. Na wewe wa mlangoni, huyo si mama yako anayeita huko uwani tangu nilipoanza kumtaja Ngiri? Ulimsikia, na mimi nilikuona ulivyomsikia. Weka mbaazi chini. Itika kwanza, halafu ndiyo ukimbie.